Udongo wa Mama Kifungo

Nyumba ya Tajiri ilikuwa imefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, pesa zilipomkatikia, na tangu siku hiyo Fundi aliyeijenga akageuka mlinzi wake. Alihamia na mkewe na binti zao wawili katika chumba ambacho kwenye ramani kiliandikwa stoo, akakiezeka kwa vipande vya bati, mlangoni akaning'iniza turubai. Makubaliano yalikuwa mepesi: wao hawalipi kodi, na matofali ya Tajiri hayaibwi. Tajiri aliuza vipuri vya magari na wala hakuwa mtu mbaya. Alipita mara mojamoja, akapiga honi, akazitazama kuta zake jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiyepata nafuu, kisha akaenda zake.

Watu wengine huomba nyumba wanayokaa imalizike. Fundi na mkewe waliomba, kila mtu kimoyomoyo kwa kuoneana aibu, kwamba vipuri visinunuliwe. Walijua dua la kuku halimpati mwewe, lakini miaka mitatu ilipita na dua ikawa kama imepata, kwa hiyo wakazoea. Mtu akizoea hujisahau. Na aliyejisahau zaidi ni mke, aliyeitwa Mama Kifungo kwa jina la utani la binti yao mdogo, mtoto mwenye uso wa duara aliyewahi kumeza kifungo cha shati la baba yake.

Kule uani walikuta kifusi kitupu: vipande vya tofali, chokaa iliyoganda, misumari, udongo mwekundu uliotolewa kwenye msingi na kutupwa pale ukauke. Mama Kifungo aliokota vipande vya tofali kimoja kimoja. Akaenda machinjioni kuomba samadi, akaibeba kichwani huku watu wa mtaa wakimpisha njia na kuziba pua. Akaomba majivu kwa wauza chai na maganda ya mboga kwa wanawake wa sokoni, akachimbia, akamwagia maji ya kuoshea vyombo, akasubiri. Mwaka wa kwanza hakuvuna hata kikonyo. Mwaka wa pili alipata mchicha. Mwaka wa tatu uani kulikuwa na nyanya, bamia, vitunguu, na mchicha mwekundu wa mbegu ya mama yake, ule ambao ukiachwa ukomae hutoa suke jekundu refu kama mkono.

Kila binti alikuwa na tuta lake, na hakuna aliyeruhusiwa kuchuma kwa mwenzake bila kuomba. Hapo Mama Kifungo hakubuni kitu. Ndivyo alivyolelewa yeye na dada zake: tuta kwanza, kusoma na kuandika baadaye. Na katika kila tuta palikuwa na mche mmoja usioguswa, ulioitwa mama. "Msimchume mama," marehemu mama yake alikuwa akiwaambia. "Nyinyi mnajua njaa ya leo. Yeye ndiye anayejua ya mwaka ujao." Juu ya bustani ile ya mama yao sasa kuna ghala la mbao. Alichotoka nacho Mama Kifungo ni mbegu kiganja kimoja, akazifunga kwenye pindo la nguo, akahama nazo vyumba vingi visivyo na mahali pa kuzitia.

*

Jumapili moja asubuhi Tajiri hakupiga honi. Alishuka garini, akapita ndani ya kuta zake zote akizigonga kwa vidole, akatokea uani. Akachuma nyanya, akaifuta kwenye shati, akaing'ata palepale.

"Mama Kifungo, nyanya hizi ni hatari!"

"Karibu tajiri. Subiri nikufungie na za nyumbani."

Alikuwa akimfungia kila alipokuja, na kila mara za kubwa. Akainama kuchuma. Nyuma yake Tajiri alimshika Fundi bega.

"Fundi wangu, mambo yamekaa sawa. Tunamaliza nyumba. Nimeshapata na mpangaji, kampuni kabisa. Paa, plasta, sakafu. Na hapa uani wanataka kuegesha magari yao, kwa hiyo zege, ukuta mpaka ukuta."

"Zege," alisema Fundi.

"Tena nzito. Magari yale siyo baiskeli."

"Sawa tajiri."

"Mbona huchangamki? Si ulikuwa unalia njaa? Kazi hiyo!"

"Nimefurahi tajiri. Nimefurahi sana."

Mama Kifungo alikuwa ameshika nyanya nne mkononi, na kwa muda hakujua azirudishe wapi. Akazitia mfukoni pamoja na nyingine, akafunga mfuko, akampa Tajiri kwa mikono miwili. Tajiri alishukuru, akasema Mungu amzidishie, na inawezekana alisema kwa moyo.

*

"Ulisema sawa haraka sana," alimwambia mumewe jioni, watoto wakiwa nje wanamwagilia.

"Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema hata tutaona."

"Mtu anakupa kazi unamwambia tutaona? Nikikataa, kesho analeta fundi mwingine. Zege litamwagwa vilevile, sisi tutahama vilevile. Tofauti ni kwamba tutahama mikono mitupu."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hicho ndicho kilichomuudhi mkewe. Angekuwa anasema uongo angalau wangegombana, mtu akapata nafuu. Alikaa akikuna sufuria iliyokwisha takata.

"Nyumba ni yake," alisema mwishowe. "Kuta zake, hata stoo hii yake. Lakini udongo nimeutengeneza mimi, Baba Kifungo. Nitahama nao."

Fundi alicheka. "Utahama na udongo?"

"Kwa mifuko ya saruji. Si itabaki tele? Tutakakopanga nitaipanga mifuko ukutani, nipande humohumo. Mbegu bila udongo ni shanga tu. Nilizunguka na shanga miaka mingapi? Siwezi kuanza tena na kifusi, sina tena kichwa cha kubeba mavi ya mbuzi mtaani."

Alisema kwa utani, lakini alikuwa ameirudia sufuria, akiikuna kwa nguvu. Fundi aliacha kucheka. Akaahidi kwamba siku ya kusafisha uwanja, udongo wa juu ni lazima utolewe, ndivyo kazi inavyotaka, na ukitolewa utakuwa takataka, na takataka haiombewi ruhusa. Watajaza mifuko mingi watakavyo. Ilikuwa ahadi nzuri, na wote wawili walilala nayo.

*

Tajiri alikubali wavune mpaka zamu ya uani ifike. Kwa hiyo Mama Kifungo alianza kuhesabu nyumba kwa vyumba. Sebule ilipopigwa plasta alivuna vitunguu. Chumba cha mbele kilipowekwa sakafu alimaliza bamia. Kila chumba kilichopendeza kilimsogeza nje hatua moja, na aliyekuwa akikipendezesha ni mumewe, tena vizuri, maana Fundi hakujua kupiga plasta mbaya hata kwa kukusudia. Alichojua ni kwenda polepole. Alipima ukuta, akaupima tena, akasimama akautazama.

Tajiri hakuwa kipofu. "Fundi," alisema siku moja mbele ya vibarua, "ukuta huu unaupiga plasta au unausuka nywele?"

Vibarua walicheka mpaka wakashika magoti. Fundi naye alicheka, kwa sababu mwenye kazi akitania ni lazima uone inachekesha. Mama Kifungo alikuwa akipita na ndoo. Fundi aliona kwamba mkewe amemwona akicheka, akageukia ukuta wake, na siku ile akaumaliza wote.

Watoto walizurura katika vyumba vipya wakiimba ili wasikie mwangwi. Kifungo alichagua chumba chenye dirisha la kuelekea uani.

"Baba, mimi na dada tutalala hiki. Nitaliona tuta langu."

"Hiki si chetu, mama," Fundi alimjibu, mwiko ukiwa mkononi.

"Kwani chetu kipi?"

"Tutakwenda kwetu."

"Kwetu si hapa?"

Fundi alimtuma akamletee maji ya kunywa. Alipoletewa hakuyanywa.

*

Zamu ya uani ilifika. Tajiri alisimama kwenye ukingo wa bustani, viatu vyake akivilinda.

"Hapa ng'oa majani, mwaga zege juu. Kazi ya siku moja."

Angekuwa fundi mbovu angeitikia, kisha akauchota udongo kimyakimya Tajiri akiwa dukani kwake. Lakini Fundi alipigwa mahali pasipostahimili, kwenye ufundi wake.

"Haiwezekani tajiri. Utanilaumu kesho. Huu udongo laini, ukimwaga juu yake zege litatitia, magari yatalipasua. Ni lazima tuutoe wote mpaka tukute ardhi ngumu."

"Laini namna gani? Si ardhi tu hii?"

"Ardhi?" Fundi alichuchumaa, akazamisha mkono wake mpaka kwenye kifundo bila kutumia nguvu, akaibuka na konzi nyeusi inayonukia mvua. "Tazama mwenyewe. Huu siyo udongo, huu ni keki. Mke wangu kaulea miaka mitatu kama mtoto. Humu ukichomeka kijiti cha kiberiti, kinaota!"

Tajiri alivua miwani. Aliupokea ule udongo, akaufinyangafinyanga, akaunusa. "Kumbe mali yote hii ilikuwa hapa nami sijui! Madamu kapanda maua pale nyumbani mara tatu, yote yanakufa. Basi usitupe hata koleo moja. Naleta lori."

Ulimi hauna mfupa. Fundi alibaki amechuchumaa, mkono umechafuka, akitafuta neno la kurudisha yale aliyosema. Tajiri alikuwa ameshampigia simu mkewe, anacheka, anamwambia zawadi yake imepatikana.

Ng'ambo ya ukuta Mama Kifungo alikuwa amegeuza mifuko ya saruji nje ndani, ameifua, ameianika kwenye kamba. Mumewe alikuja akasimama katikati ya mifuko.

"Anautaka."

"Nani? Anataka nini?"

"Tajiri. Udongo."

"Nani kamwambia kuna udongo?"

Fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Mkewe akaelewa.

"Ulijisifu."

"Nilikusifu wewe," alisema Fundi.

*

Lori lilikuja asubuhi na Tajiri mwenyewe akalifuata, kwa kuwa mali ikishajulikana ni mali huhitaji macho. Vibarua walishika makoleo. Mama Kifungo alikuwa ameng'oa mchicha wote usiku wa jana yake isipokuwa mche mmoja, ule mama, uliokuwa haujakomaa sawasawa. Suke lake lilikuwa limeanza tu kuwa jekundu na mbegu nyingi bado mbichi. Alijifunga nguo kiunoni, akamwendea Tajiri. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake tangu alfajiri.

"Tajiri, shikamoo."

"Marahaba mama. Hongera, nasikia wewe ni bingwa!"

"Nina ombi dogo. Huko tunakohamia hakuna ardhi. Naomba mifuko mitano tu ya udongo huu. Mitano, haitaonekana hata imepungua."

Tajiri alicheka, tena kwa upole, jinsi mtu anavyomcheka mtoto aliyeomba mwezi. "Mama, udongo! Udongo umejaa dunia nzima. Mungu hajaumaliza."

"Kama umejaa dunia nzima," alisema Mama Kifungo, na hayo hayakuwamo katika yale aliyoyafanyia mazoezi, "si uchukue mwingine?"

Makoleo yalisimama. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. Tajiri alimtazama Mama Kifungo, lakini hakumjibu yeye. Alimgeukia mumewe, jinsi inavyofanywa.

"Fundi, mkeo ana maneno."

Malipo ya plasta yalikuwa bado. Malipo ya sakafu yalikuwa bado. Mwenye chumba walichokipata alikuwa amesema bila pesa ya mbele ufunguo hautoki. Haya yote yalisimama uani pamoja nao, na kila mmoja aliyaona isipokuwa watoto.

"Msamehe tajiri," alisema Fundi. "Hajalala vizuri. Mama Kifungo, muombe tajiri radhi."

Mama Kifungo alimtazama mumewe. Alitaka kumchukia akashindwa, kwa sababu aliona mikono yake, jinsi ilivyokuwa ikijifuta kwenye suruali bila kukoma.

"Nisamehe tajiri," alisema. "Ni udongo tu."

Akamnyang'anya kibarua mmoja koleo, akaanza kupakia. Alipakia tuta lake, akapakia la binti mkubwa, akapakia la Kifungo, na ule mche mama akauchota na udongo wake wote akaurusha juu ya lori, suke likiwa limevunjika. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Vibarua waliokuwa wakitania tangu asubuhi walifanya kazi kimya, na lori likajaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tajiri alifurahi, akampa pesa kidogo ya soda.

Zege lilimwagwa. Mafundi wote waliopita pale walisema ni zege safi, halina hata ufa.

*

Chumba walichopanga kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vingi, uwanja wake saruji tupu, bomba moja la wote na foleni yake. Mifuko ya saruji waliitandika chini ya godoro kuzuia ubaridi. Fundi alipata vibarua vya siku mojamoja, siku nyingine akarudi na mwiko msafi kama alivyotoka nao. Usiku mume na mke walizungumza juu ya kodi, ada na unga. Juu ya uani hawakuzungumza. Kifungo tu, alipotumwa sokoni kununua mchicha, alirudi na fungu dogo lililonyauka akasema, "Mama, huu wanauuza kweli?"

Mvua zikaja. Baada ya mvua, simu ya Tajiri.

"Fundi, habari za siku? Sikiliza, mkeo si anajua mambo ya majani? Madamu ana tatizo kwenye maua yake. Magugu! Mtunza bustani kang'oa mpaka kakimbia kazi. Mwambie aje, atapewa chochote."

Fundi alifikisha maneno jinsi yalivyo, akatazama pembeni.

"Chochote ni kiasi gani?" aliuliza mkewe. Kisha akajibu mwenyewe: "Haidhuru. Mwambie nakuja."

Madamu alimpokea vizuri. Alimpa pole ya safari, akamkalisha, akamletea maji katika bilauri, halafu akampeleka nyuma ya nyumba. "Unaona balaa hili? Nikiyang'oa leo, wiki ijayo yamerudi. Yataniulia mawaridi yangu!"

Mama Kifungo alisimama. Kati ya mawaridi ya Madamu, na chini yake, na mpaka kwenye njia ya mawe, mchicha mwekundu ulikuwa umeota kwa fujo. Nyanya zilikuwa zimepanda ukuta. Kule pembeni aliona bamia, na akajua ni za tuta la Kifungo, maana mtoto yule alikuwa akipanda mbegu tatutatu katika shimo moja na alikuwa hasikii akiambiwa. Moyo ulimruka kwa furaha kabla hajakumbuka alipo. Alikuwa hajawahi kuwa na mavuno kama yale.

"Siyo magugu, madamu. Ni mboga."

"Inaliwa hii?"

"Inaliwa."

"Basi chukua yote!" alisema Madamu, akafurahi kwa jinsi alivyoweza kutoa. "Ukimaliza kung'oa beba, nakupa. Ukapikie watoto."

"Asante madamu. Mungu akuongezee."

Alipiga magoti akaanza. Udongo ulimpokea mikono kama zamani, akazamisha vidole na kuvuta shina moja baada ya jingine, akipukusa mizizi ili hata chembe isipotee, ingawa chembe hizo hazikuwa zake. Alilia kidogo pale nyuma ya mawaridi, akajifutia begani. Na alipokuwa akilia alikuwa pia akipiga hesabu, kwa sababu umaskini haumwachii mtu nafasi ya kulia tu. Mbegu zilizomo humu zitaota mvua hizi, labda na zijazo. Akiyang'oa magugu haya yote kabla hayajakomaa, siku moja hayatarudi. Na yasiporudi, Madamu atamwitia nini?

Jua lilipoinama Madamu alitoka kukagua. Bustani ilikuwa safi. Kando ya ukuta tu ulibaki mche mmoja, mnene, suke lake linaanza kuiva.

"Hilo umelisahau," alisema Madamu akilinyooshea kidole.

"Hilo ni ua, madamu."

"Ua?"

"Liache likomae. Linatoa rangi nyekundu, nzuri sana. Kwetu tulikuwa nalo."

Madamu aliinamisha kichwa huku na huku, akalitazama kama mtu anayechagua kitambaa. "Kweli lina rangi. Haya, liache. Basi wiki ijayo uje tena, maana nayajua magugu haya, yatarudi tu."

"Yatarudi," alisema Mama Kifungo. Akaenda kwenye bomba, akachota maji, akamwagilia mama.

Alifunga mboga mafungu mawili makubwa, akatia moja kichwani na jingine kwapani. Pale getini mlinzi alinyoosha rungu akamzuia.

"Simama hapo. Hizo umezitoa wapi?"

"Humo ndani."

"Najua ni humo ndani. Nauliza, umezichukua au umepewa?"

Mama Kifungo alilishika fungu la kichwani. Maji ya mchicha yalikuwa yakimchuruzika shingoni, na mizizi ilikuwa bado na udongo.

"Nimepewa," alisema.

Mlinzi hakumwamini. Alipaza sauti kuelekea nyumbani, akauliza kama huyu mama amepewa mboga, na wote wawili wakasimama wakisubiri. Dirisha lilifunguliwa. "Kapewa!" ilijibu sauti ya Madamu. Ndipo geti likafunguliwa.